Mizigo ya Ghorofa ya Tatu

Mwenye nyumba wetu alijenga ghorofa hapa mtaa wa Bagamoyo, katikati ya mji wa Tukuyu, akaacha shimo la lifti kutoka chini mpaka juu. Lifti yenyewe haijaja mpaka leo na haitakuja, maana huyo bwana aliishia kwenye vioo vya bluu vya mbele ili wapita njia wamsifu. Ndani ya shimo mlinzi wa usiku anafuga kuku. Sisi wa ghorofa ya tatu tunapanda ngazi hamsini na nne kwa miguu yetu, jogoo akituwikia ukutani, na tukifika juu tunahema na kujiita watu wa ghorofani. Kha!

Mwaka ule nikavunjika kifundo cha mguu. Niliteleza kwenye mteremko wa nyuma ya soko, mvua inanyesha, na mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua, haina likizo. Hospitali wakanifunga plasta mpaka chini ya goti, wakanipa magongo mawili na kuniambia nikae ndani wiki sita. Kwa mtu kama mimi hicho ni kifungo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina sauti ya kutuliza gwaride zima la asubuhi bila kipaza sauti, na siku nikikosa wa kumsahihisha naumwa kichwa.

Mwezi huohuo baba mkwe wangu akapasuliwa ngiri. Yeye ni mzee wa kijijini Suma, mkulima wa migomba na chai, miaka themanini na ushee, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kutembea mikono mitupu. Daktari alimvuta mume wangu pembeni akamwambia, "Mzee asiinue kitu chochote mpaka nimwone tena. Hata ndoo ya maji asiinue. Nyuzi zikiachia ndani, kwa umri ule, sitamani kumrudisha mezani." Mume wangu yuko kiwanda cha chai huko mashambani, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Mama watoto, baba namwacha kwako. Asiinue kitu." Nikamwambia aende kazini bila wasiwasi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa Dar wakilisikia wanacheka. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Simsalimii, simtazami usoni, sili alipo, jina lake silitamki. Akitokea njiani napinda. Nikikosa pa kupinda nageuka, nachuchumaa na kujifunika kanga mpaka apite. Na yeye ana wajibu wake vilevile. Akijua kwamba nipo mahali, hasogei, anasimama hapohapo alipo mpaka nitoke. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa na wakwe zao meza moja na kupiga picha za simu. Mzee wangu hakuacha, na mimi nilifundishwa vizuri na mama yangu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, nilikuwa sijawahi kusikia neno lake hata moja lililosemwa kwangu. Akiwa na la kusema alipitia kwa mume wangu au kwa watoto, na watoto wakati huo wote walikuwa shule za bweni.

Kwa hiyo hakuweza kulala kwetu, hata kama angekuwa na nguvu za kupanda. Tukamkodishia chumba cha chini kabisa, kando ya ngazi zinapoanzia, ili awe karibu na hospitali. Jirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja wa Kiislamu mpole sana mwenye duka la vitenge karibu na stendi, akajitolea kumpelekea chakula nilichopika: asubuhi kabla hajafungua duka, na jioni akishafunga. Mchana mzee alikuwa na chupa yake ya chai na viazi vya kuchemsha. Kila jioni nilimuuliza jirani swali lilelile, "Mzee hajainua kitu?" Naye alinijibu, "Hajainua, mwalimu. Nimemkuta amejilaza."

Hapo sasa ndipo supamaketi ilipoingia maishani mwangu.

Supamaketi hiyo ilifunguliwa mjini kwetu kwa maputo na muziki wa kupasua masikio. Nilipita siku ya kwanza, kabla sijavunjika mguu, nikaona wanauza ndizi mbivu tatu tatu, zimefungwa kwenye nailoni na kubandikwa karatasi ya bei. Ndizi! Hapa Rungwe! Mahali ambapo mgeni akiondoka nyumbani kwako bila mkungu anadhani umemchukia! Nikacheka mpaka mlinzi wao akaniangalia vibaya. Nikaapa kwamba mguu wangu hautakanyaga tena mle, na kweli haukukanyaga, kwa sababu mguu wenyewe ulikuwa kwenye plasta. Lakini nyumba inahitaji mchele, mafuta, sukari, na mume wangu alipoona tangazo lao aliniandikia namba kwenye karatasi na kuibandika ukutani. "Agiza kwa simu, tunakuletea hadi mlangoni." Hivyo ndivyo walivyoandika, kwa herufi kubwa.

Unatuma orodha kwa WhatsApp. Dada wa simu anakujibu kwa maua, mioyo na mikono iliyokunjwa ya kuomba, halafu anakuletea kitu kingine. Niliagiza dagaa wa Kyela, nikaandikiwa, "Dagaa hamna mpenzi, tumekuwekea samaki wa kopo." Mpenzi! Mimi nimefundisha watoto wa umri wake, leo ananiita mpenzi. Niliagiza majani ya chai nikaletewa chai ya pakiti iliyotoka nje ya nchi, wakati dirishani kwangu naiona milima yenye mashamba ya chai yenyewe. Nikabaki nimeishika ile pakiti, nikiwaza mtu aliyeileta huku alikuwa na akili gani.

Lakini hayo ni madogo. Balaa lilikuwa ngazi.

Mtoa mizigo wao alikuwa jibaba la miaka arobaini hivi, kitambi mbele, fulana nyekundu ya supamaketi imeishia kitovuni. Siku ya kwanza alisimamisha pikipiki getini akapiga honi mpaka kuku wa kwenye shimo wakalipuka. Nikajikokota na magongo yangu hadi varandani.

"Mama, mzigo!"

"Panda!"

Akatazama juu, akahesabu ghorofa kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mama, karatasi inasema mlangoni. Huu hapa mlango." Akaligonga geti kwa kiganja.

"Huo ni mlango wa mwenye nyumba! Wangu uko huku juu! Huoni nina plasta?"

"Pole, mama. Mimi nimeajiriwa kuendesha. Sikuajiriwa kupanda."

Nimesikia visingizio vingi darasani, lakini hicho kilinishinda. Nilimwambia kwamba kitambi chake ndicho kinachohitaji ngazi kuliko mtu yeyote Tukuyu. Muuza vocha wa ng'ambo ya barabara alicheka, wanawake waliokuwa wanatoka sokoni wakasimama kusikiliza, nami nikaona nimepata hadhira, nikaongeza. Chini yangu kabisa, pembeni ya geti, mzee wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anaota jua kidogo lililojitokeza. Nilipotokeza varandani alishusha kofia usoni akageukia ukuta, kama inavyopasa. Na mimi ilinipasa nirudi ndani palepale. Badala yake nilisimama juu ya kichwa cha mkwe wangu nikibwata kwa nguvu zangu zote, jambo ambalo mama yangu angelisikia angenizaba kofi, na plasta yangu hiyohiyo.

Jibaba halikupanda. Liliweka maboksi miguuni pa mzee, likampa daftari atie sahihi, likawasha pikipiki. Vitu vyangu vikakaa chini kuanzia saa nne asubuhi mpaka jirani aliporudi saa kumi na mbili jioni. Kuku wa kugandishwa alikuwa ameyeyuka, ananuka. Nikamtupa.

Ndani kwetu mtandao ni wa kubahatisha, unashika vizuri mlangoni tu, ukisimama pale ngazi zinapoishia. Kwa hiyo ugomvi wangu wote wa simu niliufanyia pale, mlango wazi. Ngazi zile ni za zege tupu, neno likitoka juu linateremka lote mpaka chini. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilifikiria kuku wangu.

"Pole sana, mama, tumepokea malalamiko yako," alisema dada wa simu.

"Msiyapokee malalamiko, pokeeni akili!"

Mara ya pili mambo yakawa yaleyale. Mzigo ukaachwa chini kwa mzee, mayai yamewekwa chini ya sukari, trei nzima imekuwa uji. Nikapandwa na mori. Nikataka meneja mwenyewe aje kwenye simu, na alipokuja nikamsomesha kama mtoto aliyechelewa namba. Nilimwambia kwamba yule bwana wake ni mvivu, mjeuri na hana adabu. Kwamba asipofukuzwa kazi nitaandika kwenye magrupu yote ya mji huu, la walimu, la kwaya na la wazazi, na tuone nani atanunua hizo ndizi zao za nailoni. Meneja akalainika. "Mama, nisamehe sana. Mzigo wako usipofika mlangoni kwako mara moja tena, yule tunaachana naye. Nakuahidi."

"Narudia," nikasema kwa sauti ili kila mwenye masikio aelewe, "usipofika mlangoni kwangu, huyo mtu hana kazi."

Nikakata simu nimeridhika, moyo mweupe, nikaenda kunywa chai.

Na kweli, mara ya tatu nilisikia pikipiki, nikasikia inaondoka, na baada ya muda mrefu mlango wangu ukagongwa mara mbili. Nilipofika na magongo yangu sikukuta mtu, ila mfuko wa sukari, mafuta na sabuni vimepangwa vizuri kando ya kizingiti. Mayai yalikuwa juu ya kila kitu, mazima yote. Nilicheka peke yangu. Nikasema, ehee, kumbe mnaweza! Ananiogopa mpaka hataki kuniona uso, anaweka mzigo na kukimbia! Kwamba pikipiki ilikuwa imeondoka kabla mlango haujagongwa nililisikia kwa masikio yangu haya, nikajiambia labda siku hizi wanakuja wawili. Mtu akishajiona mshindi hajiulizi maswali.

Nikampigia dada wa simu kumpongeza kwa namna yangu. "Mmeona? Mkielekezwa mnaelewa."

"Asante sana, mama," akajibu, kwa sababu wale wamefundishwa kumjibu asante hata mtu anayewatukana.

Jirani alipokuja jioni nilimsimulia yote. Nikamwambia kwamba watu wa mji huu bila kukaripiwa hawaendi, kwamba wateja wote wangekuwa kama mimi Tukuyu ingekuwa mbali. Akacheka kwa adabu. "Mwalimu, wewe kiboko." Halafu akaniambia kuwa mzee siku hizi anakula kidogo, anasema amechoka. Nikauliza kama ameinua kitu. Hajainua, akasema, kila akifika anamkuta kitandani. Nikasema ni baridi hii, wazee wa Suma hawajazoea kulala kwenye sakafu ya saruji, nikamtuma ampelekee blanketi jingine. Nilijiona mkwe mwema sana siku ile.

Ikaendelea hivyo wiki tatu. Mizigo ilifika, mlango uligongwa mara mbili, mtu hayupo. Mtungi wa gesi ulipoisha niliagiza mwingine, ukafika ukiwa umesimamishwa wima, umefutwa na matope. Hata mimi nilisema hapo wamejitahidi. Lakini sikuwapa sifa nyingi, nisije nikawaharibu.

Halafu ukaja mchele.

Niliagiza mfuko wa kilo ishirini na tano, maana mume wangu alikuwa anarudi na watoto wanafunga shule. Ilikuwa kama saa sita mchana, ukungu umeshuka mpaka varandani. Pikipiki ikaja, ikaenda. Baada ya muda mlango ukagongwa, nikatoka, nikakuta kifuko cha zamani cha nailoni, kimefungwa fundo, kina mchele labda kilo nane. Kimoja tu. Nikakiangalia. Nusu saa baadaye, bado nashangaa jikoni, mlango ukagongwa tena. Kifuko kingine, fundo lilelile. Mfuko wangu mpya ulioshonwa kiwandani haukuonekana.

Wezi! Sikutafuta neno jingine. Wamefungua mfuko wangu, wamechota, wamenigawia mabaki kwenye vifuko vya kuokota! Nilikuwa nimesubiri kosa kama hilo kwa wiki tatu nzima, nakiri, kwa sababu mtu mwenye ulimi kama wangu akikaa bila kesi anapoteza ladha. Nikasimama mlangoni kwenye mtandao, nikapiga mara nyingi mpaka wakapokea.

"Nani amefungua mchele wangu?"

"Mama, shikamoo. Mchele wako tumeuleta mfuko mzima, haujafunguliwa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Ninavyo hapa vifuko viwili! Huyo bwana wenu kaanza wizi sasa? Mwite hapo, nataka asikie anafukuzwa kwa sauti yangu!"

Nikasikia anafunua makaratasi. "Mama, hapa kwenye daftari mfuko mmoja, kilo ishirini na tano, umepokelewa na mzee wa chini."

"Mzee wa chini kivipi?"

"Mzee wa chini, mama. Kama siku zote. Yeye ndiye anayetia sahihi."

"Na kupandisha? Anayepandisha nani?"

Akaanza polepole. Nadhani alikuwa anatafuta jibu ambalo halitanikasirisha. "Mama, mtoa mizigo wetu hapandi. Ana tatizo la moyo, meneja anajua. Hajawahi kupanda hata siku moja. Tulijua mna mtu wenu hapo wa kupandisha."

Nikaanza kuhesabu. Sukari. Mafuta ya lita tano. Sabuni, unga, trei ya mayai iliyowekwa juu ya kila kitu. Kisha nikaukumbuka mtungi wa gesi. Mtungi haugawanyiki kwenye vifuko.

Na hapohapo, simu ingali sikioni, nikasikia hatua kwenye ngazi. Polepole. Hatua moja, halafu fimbo, halafu kimya kirefu cha mtu anayevuta pumzi. Kilikuwa kifuko cha tatu kinapanda.

Alikuwa amefika kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kwenye kona ambapo ngazi zinageuka. Hatua moja zaidi ningemwona kofia. Lakini alikuwa ameisikia sauti yangu, akajua nimesimama mlangoni, na akijua nipo, hasogei. Akasimama kimya nyuma ya ile kona na mzigo wake, ananisubiri niingie ndani. Nikaelewa palepale jinsi nilivyobanwa. Nikibaki pale, anaendelea kusimama na kilo nane juu ya mshono wake. Nikiingia ndani na kufunga mlango, anazimalizia zile ngazi. Nikimtokea ghafla, atageuka kukwepa macho yangu, na kwenye ngazi, na mzigo begani, mzee wa miaka ile akigeuka kwa haraka anaanguka. Jirani yuko dukani. Mume wangu yuko mashambani kusikoshika simu. Hapakuwa na mtu wa kumpa neno amfikishie.

Nikasema, "Baba."

Sauti yangu, hii ya gwaride, ilitoka nyembamba kuliko ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Baba, tua mzigo. Tafadhali, tua."

Halafu nikasikia nailoni inagusa zege, taratibu, na mtu anakaa chini kwa kuguna. Nikakaa na mimi, mguu wa plasta umenyooka mbele yangu, kati yetu ukuta ule wa kona. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Ndipo akasema. Hakusema na mimi. Alisema na ukuta, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini ya mtu asiye na pumzi, kama vile palikuwa na mtoto katikati yetu wa kulichukua neno na kulileta kwangu. Nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Mama wa juu aambiwe," alisema, "yule mtu wa pikipiki asifukuzwe. Ana watoto wanne. Mimi nimemwambia aniachie mizigo, nitaifikisha mlangoni. Kosa si lake."

Akapumzika.

"Aambiwe sikuchoka."

Miaka kumi na tisa nilikuwa namheshimu mtu huyu kwa kujificha na kujifunika, nikijisifu kwa mama yangu kwamba sijawahi kumkosea hata mara moja. Yeye alikuwa amekaa chini ya ngazi zile akinisikia kila siku, ananisikia ninavyoongea na watu wengine, na alichojifunza kwangu ni kwamba mkwe wake anaweza kumnyima mtu mkate wa watoto wake kwa sababu ya kuku. Akaona bora abebe.

Nikampigia jirani kwenye simu ileile, akafunga duka akaja mbio na bajaji. Alimkuta mzee amejifunika koti kichwani ili nisimwone, mkono umeshikilia chini ya tumbo, na pale chini ya mkono pamevimba tayari. Dereva alimteremsha mzee kwanza, kisha mimi, tukapelekwa hospitali pamoja, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na jirani, kanga imenifunika mpaka machoni. Njia nzima hakutoa hata sauti ya maumivu. Alikuwa bado ananiheshimu.

Walimrudisha mezani mchana huohuo. Jirani alipiga simu ofisi ya kiwanda, mume wangu akaletwa na gari lao, buti zina matope ya shambani, akanikuta kwenye benchi la korido. Alikaa pembeni yangu akavua kofia. Zilipita kama saa tatu. Daktari alipotoka alisema mzee amevumilia kisu, ila usiku huu na kesho ndivyo vitakavyotuambia, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimeachia si leo, ni siku nyingi, na alikuwa akitembea hivyohivyo. Kisha akatutazama mmoja mmoja, mimi, mume wangu, jirani, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Nilisema asiinue hata ndoo. Nani alikuwa anambebesha mizigo mzee huyu?"

Mume wangu alifungua mdomo, nikamshika mkono.

"Mimi," nikasema.

Supamaketi sikuitaja.